Kufunga mwamba wa pweza: shajara ya mradi, Mtwara, Septemba 2024 hadi Februari 2025

Septemba 2024, kabla ya kufunga

Mkutano mkuu wa kijiji umekubali. Mwamba wetu wa nje utafungwa kwa uvuvi wa pweza kuanzia bamvua (siku ambazo maji hupwa na kujaa kupita kawaida) la mwanzo wa Oktoba mpaka siku ya mwisho ya Desemba. Mimi ni katibu wa BMU, kikundi cha ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, hapa kijijini kwetu kaskazini mwa Mikindani. Nimepewa kazi ya kuandika kila hatua, ili vijiji vya jirani vinavyotuuliza visome, na sisi wenyewe tusije kubishana baadaye nani alisema nini.

Naanza na pweza mwenyewe, maana mpango wote umesimama juu ya maisha yake. Pweza wa mwamba haishi sana. Mwaka mmoja, akizidi mwaka na nusu, basi. Lakini katika muda huo mfupi anakua kwa kasi, na pweza mdogo wa leo ukimwacha miezi miwili mitatu unamkuta ameongezeka uzito mara kadhaa. Jike akishataga hujifungia tunduni, akaziba mlango kwa mawe, hali kitu. Kazi yake ni kuyapepea mayai na kuyasafisha mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Ukimchokoa wakati huo, umechukua mama na kizazi chake chote.

Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinakataza kuvua pweza wa chini ya gramu 500. Kanuni ni nzuri, lakini mchokoaji haoni uzito wa pweza aliye ndani ya tundu. Akishamtoa ameshamuua, na hata mizani ikisema ni mdogo hakuna wa kumrudishia uhai. Ndiyo maana tumechagua kufunga eneo kwa muda. Wenzetu wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagascar, walianza hivyo mwaka 2004 na vijiji vingine vya pwani yao vikafuata. Huku kwetu kusini, watu wa Songosongo wilayani Kilwa nao wameshafunga miamba yao.

Mjadala mrefu kuliko yote mkutanoni ulihusu miezi, na pweza hakuwa ndiye aliyeamua. Iliamua korosho. Oktoba hadi Desemba ndiyo miezi ambayo fedha inaingia Mtwara. Chama cha msingi kinakusanya, mnada unafanyika, na mwenye mikorosho anaweza kukaa bila pweza. Tungefunga kuanzia Februari, wakati watu wamemaliza fedha za korosho na mahindi mapya bado yako shambani, tungekuwa tunawafungia watu jiko. Vilevile tukifungua mwanzoni mwa Januari, pesa ya pweza inafika wakati mzazi anatafuta sare, viatu na madaftari. Mzee mmoja wa baraza alisema korosho changa haichumwi, na pweza asitolewe mchanga. Watu wakamwelewa upesi kuliko walivyonielewa mimi na karatasi zangu.

Lakini akasimama mama mmoja, mchokoaji wa siku nyingi, akauliza: "Na sisi tusio na mikorosho, katibu?" Hakuongeza neno, akaketi.

Swali lake ndilo mradi wenyewe. Hapa kijijini wapo wajane, wapo wanawake walioolewa kutoka mbali wasiorithi shamba, wapo waliouza mikorosho kwa ajili ya matibabu. Kwao bamvua ni mshahara. Maji yakikupwa wanateremka na mti wa kuchokolea pweza na ndoo, wakirudi wana kitoweo na kidogo cha kuuza. Mwamba tunaoufunga ndio shamba lao, na wao ndio wanaombwa kusubiri ili wengine wapate zaidi baadaye.

Tulichokubaliana baada ya mabishano: mwamba wa ndani, ule unaofikika kwa miguu karibu na mikoko, utabaki wazi. Watu wameshaanza kuuita kipande cha kitoweo. Humo anaingia mwenye mti tu, kwa miguu. Hakuna miwani, hakuna mkuki, hakuna nondo ya kuvunjia matumbawe, na utupa, ile sumu ya mmea, usithubutu. Mwanabiolojia angependa kipande hicho nacho kifungwe, maana hata humo pweza wadogo wapo. Najua. Lakini kufunga kote kungevunjwa usiku wa kwanza, tena na watu wenye haki ya kukasirika.

Oktoba 2024

Maboya yamewekwa. Ni madumu ya mafuta ya kula yaliyopakwa rangi nyekundu, yamefungwa kwa kamba na jiwe. Tulitumia mashua ya mjumbe mmoja, petroli tukachanga.

Tarehe 11 mnada wa kwanza wa korosho ulifanyika na bei ikavuka shilingi 4,000 kwa kilo. Kijiji kizima kinazungumza korosho. Mwaka kama huu kufunga mwamba ni rahisi, na nimeandika hapa kusudi ili tusije tukajisifu kwamba ni sheria yetu iliyowatuliza watu. Bei ya korosho ikianguka ndipo tutajua nguvu ya makubaliano yetu.

Doria ya wiki mbili za kwanza imekuwa shwari.

Tatizo limetokea kwingine. Vijana wazamiaji, wale wenye miwani na mikuki, hawakukaa bure. Walipozuiwa pweza wamehamia kwenye samaki wa mwamba wa kusini, na wanachokileta mwaloni, pale tunaposhushia na kuuzia samaki, sasa ni pono kwa mafungu. Pono ndiye anayekwangua majani ya baharini juu ya matumbawe. Akiisha, majani yanafunika mwamba, matumbawe machanga hayapati pa kushika, na pweza naye anakosa matundu. Yaani tumeokoa kiumbe mmoja na kumtupia mzigo mwingine. Mwamba ule wa kusini bado una majeraha ya miaka ya uvuvi wa mabomu. Kuna sehemu ukizamia huoni matumbawe, unaona kokoto tupu zinazobiringika na mawimbi, na juu ya kokoto hakioti kitu.

Tumekaa nao chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Sikutaka kikao cha kufokeana, maana wale ni watoto wetu na mkuki ndio ajira yao. Wao walisema wazi: mmetufungia pweza, hamkutupa kipande cha kitoweo kama mlivyowapa mama zetu, mlitaka tule nini? Hoja ina uzito. Wamekubali kuacha kupiga pono usiku anapolala, maana wakati huo anaokotwa tu kama jiwe, na kuvua mchana kwa mshipi zaidi ya mkuki. Sisi tumekubali kwamba walinzi wa doria wanaolipwa posho watatoka kwao. Sijui kama pono atapona kwa makubaliano haya, lakini angalau mwenye mkuki sasa ana sababu ya kulinda boya.

Novemba 2024

Uchaguzi wa serikali za mitaa ni tarehe 27. Kampeni zilipoanza, mmoja wa wagombea wa uenyekiti wa kijiji alisimama mwaloni akaahidi kwamba akichaguliwa mwamba utafunguliwa siku inayofuata. Watu wakapiga makofi, na baadhi yao walikuwa walewale walionyoosha mikono mwezi Septemba.

Sikumjibu jukwaani, haikuwa kazi yangu. Nilichofanya ni kumwomba mtendaji wa kijiji abandike muhtasari wa mkutano mkuu kwenye mbao za matangazo, wenye sahihi. Uamuzi ule ni wa mkutano mkuu wa kijiji, na mwenyekiti yeyote, awe wa zamani au mpya, hana mamlaka ya kuufuta peke yake. Atake, aitishe mkutano mwingine, watu wapige kura upya mchana kweupe. Wazee wengine waliniambia nimeingilia siasa. Naona kinyume chake: bila karatasi ile ukutani, mwamba ungekuwa sera ya mtu mmoja.

Katikati ya mwezi, usiku wa maji makubwa, doria ilikamata mtumbwi ndani ya maboya. Walikuwa na taa na ndoo iliyojaa pweza hadi nusu. Tulitarajia wageni wa dago, wavuvi wanaopiga kambi kutoka mbali, maana wageni ndio wanaolaumiwa kwa kila kitu pwani hii. Walikuwa vijana wa hapahapa, na mmoja ni mpwa wa mjumbe wa kamati yetu.

Usiku ule simu yangu haikupumzika. Mjumbe alinipigia akiniita "kaka" kwa sauti ambayo hajawahi kuniitia. Mkewe alikuja nyumbani alfajiri, akaamkia, akakaa kwenye mkeka na mke wangu bila kusema neno la maana mpaka jua lilipotoka. Na mimi ninayeandika haya nimezikiwa na watu hawa mara ngapi, nimeozeshwa na watu hawa. Sheria ndogo yetu inasema kosa la kwanza ni onyo mbele ya kamati na kunyang'anywa kilichovuliwa, la pili ni faini, la tatu ni kupelekwa kwa afisa uvuvi. Tuliweka ngazi hizo kwa makusudi. Elinor Ostrom, mtaalamu wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii nyingi zinazotumia maji, misitu na uvuvi kwa pamoja, akaona kwamba sheria zinazodumu huanza na adhabu ndogo na kupanda, na walinzi wake wanawajibika kwa watumiaji wenyewe.

Tukafuata ngazi. Onyo lilitolewa hadharani, mpwa akiwa mbele, mjomba wake akiwa ametoka nje ya kikao kwa hiari yake. Pweza walipelekwa zahanati wakapikiwa wagonjwa. Wale wa kampeni walikuwa wanasubiri tumwachie ili waseme mwamba umefungwa kwa maskini tu. Hawakupata la kusema.

Tarehe 27 imepita. Mwenyekiti aliyechaguliwa ni yule ambaye hakuahidi kufungua, ingawa siwezi kudai mwamba ndio uliompa kura.

Desemba 2024

Mwezi huu umeenda kwenye bei.

Wakala mmoja wa kampuni inayonunua pweza alikuja na pendekezo ambalo, kwa hesabu tupu, ni zuri. Siku ya kufungua waingie wazamiaji wachache tu na boti moja. Wataleta pweza wakubwa kutoka kina kirefu, safi, bila kukanyaga mwamba, na barafu itatosha. Kampuni italipa bei ya juu, na kijiji kipewe mgao wake kupitia BMU. Wanawake wa miguu wakae nyumbani, watapewa kitu kidogo kutoka kwenye mgao.

Kiuchumi alikuwa sahihi. Tangu mwaka 1954 mchumi H. Scott Gordon alionyesha kwamba bahari isiyo na mwenyewe huvutia watu mpaka faida yote inaliwa na gharama zao, na kwamba ukitaka faida kubwa lazima wavuvi na vyombo wapungue. Hata mwamba usingeumia sana, maana umati wa miguu siku ya maji kupwa unavunja matumbawe mengi. Kwa hiyo kati ya mizani mitatu, faida, mwamba na riziki ya watu, miwili ilikuwa upande wa wakala. Anayetaka faida kubwa hawezi pia kutaka watu wengi wapate riziki. Mtu akikuambia mpango wake unavipa vyote vitatu kwa ukamilifu, muulize nani hayumo kwenye hesabu.

Kamati ilikataa. Nami nilipiga kura ya kukataa, na naandika sababu yangu. Wanawake wale ndio waliokaa miezi mitatu wakiutazama mwamba ukiwa umekupwa mbele yao. Kuwalipa mgao ili wasiingie ni kuwaondoa kwenye bahari kwa adabu. Mwaka mmoja wa hivyo, miwili, na ujuzi wa mti unakufa, na siku kampuni ikiondoka hakuna anayejua tundu liko wapi. Tumekubali kupata hasara kidogo katika bei na katika matumbawe ili hilo lisitokee. Nataka ieleweke kwamba ni hasara na tuliichagua tukiijua.

Tulijaribu kuipunguza. Siku ya kwanza watembea kwa miguu, siku ya pili wazamiaji, ili wasigongane na barafu isiishe kwa pigo moja. Njia za kupita zimewekewa miti kwenye mchanga kati ya mwamba na mwamba. Mawakala wawili wamealikwa badala ya mmoja, na bei kwa kila daraja la uzito imeandikwa ubaoni mapema. Jambo gumu lilikuwa madeni. Wakala humkopesha mvuvi wakati wa njaa, kisha mvuvi humuuzia yeye tu kwa bei ya wakala. Tuliomba siku ya kwanza deni lisikatwe. Mmoja alikubali, mwingine akasema biashara yake haiendeshwi na kamati ya kijiji.

Jumatano, 1 Januari 2025

Bamvua. Maji yalitarajiwa kukupwa karibu na saa tano asubuhi, lakini saa mbili watu walikuwa wameshajaa pwani. Mwenyekiti alisoma masharti, imamu akaomba dua, filimbi ikalia.

Nilimfuata yule mama aliyeuliza swali Septemba. Hakukimbia kama wengine. Alikwenda taratibu mpaka sehemu yenye maji ya magotini, akasimama akatazama chini. Mimi sikuona kitu. Akanionyesha kwa ncha ya mti: maganda ya kaa, mapya, bado yana rangi, yametupwa nje ya shimo dogo, na vijiwe vinne vitano vimepangwa mlangoni kwa namna ambayo wimbi halipangi. Akaingiza mti pole pole, akautikisa. Mkono mmoja wa pweza ukatoka, ukaushika mti, ukafuatiwa na mwingine. Hakuvuta. Akamwacha ajivute mwenyewe kwa hasira, alipotoka nusu akamshika nyuma ya kichwa, akakigeuza kichwa nje ndani kwa dole gumba, pweza akapauka palepale. Akamning'iniza kwenye mizani yangu ya mkono: kilo mbili na robo. "Septemba," akasema, "hapa nilikuwa natoa wa kumtia mfukoni."

Tundu lililofuata lilikuwa limezibwa kwa mawe kabisa. Alilitazama, akalipita. Nikamuuliza kwa nini. Akasema huyo ana mayai, mwache. Sheria yetu ndogo haina kifungu hicho. Sasa itakuwa nacho.

Kwingine mambo hayakuwa mazuri hivyo. Watu wa vijiji vingine waliingia kwa upande wa kaskazini kabla ya filimbi, na nilikuta matumbawe yaliyovunjwa kwa nondo mpya kabisa, kwenye njia ambayo hatukuiwekea alama.

Jioni mama wengi waliuza kwa wakala aliyekubali masharti. Foleni yake ilifika kwenye mitumbwi, ya mwenzake ilikuwa fupi.

Katikati ya Januari

Siku ya wazamiaji barafu ya wakala mmoja iliisha mchana, bei ikashushwa, na pweza wengine wakaishia kwa wachuuzi wa kukaanga mjini. Wachuuzi walifurahi. Wazamiaji wamenuna, na haki yao.

Bamvua lililofuata, pweza walikuwa wamerudi kuwa wa kawaida kwa ukubwa na kwa wingi. Hili limewavunja moyo watu waliodhani mwamba utatoa kama siku ya kwanza mpaka masika. Nimezunguka nikieleza: ukifunga miezi mitatu unavuna ukuaji wa miezi mitatu, na umati ukiingia siku mbili umeshauchukua. Faida ya mayai ni ya muda mrefu zaidi, lakini makinda ya pweza huelea na mkondo wiki kadhaa kabla ya kutua, na huenda yakatua kwa jirani. Sisi nasi pengine tunachokoa watoto wa pweza wa kwao.

Februari 2025

Kikao cha tathmini. Tulikaa makundi tofauti kwanza, wanawake peke yao, wazamiaji peke yao, wachuuzi peke yao, maana tukikaa pamoja wanaosema ni wenye boti.

Wanawake wanataka kufunga tena, na miezi ileile. Wanataka pia mizani yao wenyewe, isiwe ya wakala. Wazamiaji wanataka kufunga pia, ila siku yao iwe ya kwanza mwaka huu. Wanawake wamekataa katakata. Kamati imependekeza wazamiaji wapewe siku yao wiki ya maji mafu inayofuata, maji yasipokupwa sana, wakati watembea kwa miguu hawafikii mwamba wa nje hata hivyo na barafu inapatikana. Bado hawajajibu.

Afisa uvuvi ameshauri kipande kidogo cha mwamba wa kusini, kule kwenye kokoto za mabomu, kifungwe moja kwa moja kwa kila aina ya uvuvi. Kitaalamu namuunga mkono. Lakini wazee hapa wanaijua Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 ikiwa na kilomita za mraba 650 na vijiji ndani yake, na wanakumbuka wavuvi walioona wamepunguziwa bahari bila kuulizwa. Neno "moja kwa moja" linawatisha. Nimeomba tuanze na miaka miwili, wazamiaji wetu wenyewe wachague mipaka.

Kijiji cha kaskazini kimekubali kukutana nasi. Baadhi ya walioingia kabla ya filimbi walitoka kwao, na viongozi wao hawakukana. Tutazungumza kuunganisha ulinzi uwe eneo moja la usimamizi wa pamoja, tufunge siku moja na kufungua siku moja. Ramadhani inaanza mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo tumepanga kikao baada ya Idi. Ajenda ya kwanza ni petroli ya doria: tumemaliza akiba, na ushuru wa mwaloni hautoshi. Nitapeleka pendekezo kwamba kila kilo ya pweza itakayouzwa siku ya kufungua ikatwe kiasi kwa ajili ya mafuta, nusu ilipwe na mnunuzi.